Jina la Baba Mkwe Kitabuni

Mwaka huu nimesoma kwa pupa. Kaka yangu anatandika vitanda kwenye loji moja hapa Karatu, na vitabu wanavyoacha wageni huniletea mimi. Nimesoma riwaya ndefu ya vita vya zamani, ambayo mwandishi wake alipenda farasi kuliko watu. Nimesoma kitabu cha mtaalamu wa usingizi, kikanikosesha usingizi. Cha tatu kilikuwa kumbukumbu za mama mmoja wa Kizungu aliyeishi Ngorongoro zamani akichunguza fisi. Hicho ndicho kilichonitia matatani.

Katikati ya kitabu nilikutana na mtu aliyemwongoza njia: Mmasai wa Malambo, mrefu, hana vidole viwili mkono wa kushoto, na akishikwa na hofu hupiga mluzi. Nilishtuka hadi nikasimama. Mume wangu ni wa Malambo, na mara ngapi amenisimulia vidole vya marehemu baba yake na ule mluzi! Nikampelekea kitabu. Alisoma ukurasa ule, akaurudia, kisha akasema, "Ni yeye," akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mimi ni Mwiraqw wa Kansay, binti wa wakulima, na ni mwalimu wa historia. Tumeoana miaka tisa, na minane kati ya hiyo mama mkwe hakunitaka. Alisema mikono yangu inanuka udongo. Safari iliyopita ndipo aliponipa ng'ombe mtamba, na kwa mara ya kwanza akaniita mwanangu. Nikaona sasa nami nina zawadi ya kumpelekea. Hana hata picha moja ya mumewe, na mimi nimempata mzima, kurasa kumi na moja!

Tulifika Malambo, mume wangu akaenda mnadani. Asubuhi, baada ya kukamua, tuliketi nje watatu, mama mkwe, wifi yangu na mimi. Mimi natoa Kiingereza naweka Kiswahili, wifi anakipeleka kwenye Kimasai. Ukurasa wa kwanza mama mkwe alicheka akijipiga paja. Nikanogewa. Nikafika pale Mzungu amekwama korongoni anamwita aje amvute, nami nikaliita jina la baba mkwe kama ninavyosoma darasani, kwa sauti, silabi zote.

Wifi hakutafsiri. Mama mkwe aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka nje ya uzio wa miiba.

"Wifi, umefanya nini?" wifi akaniuliza.

"Nimesoma tu!"

"Kwetu aliyekufa haitwi jina. Tangu atutoke hakuna aliyelitamka hapa bomani. Kaka hakukuambia?"

Hakuniambia. Miaka yote namsikia akisema "mzee", nikadhani ni heshima tu. Nilimkasirikia mume wangu, nikamkasirikia na yule Mzungu na fisi wake, halafu hasira ikaisha nikabaki na aibu. Mimi, ninayewafokea wanafunzi kwamba bila majina hakuna historia! Nilijua nimeharibu. Mtamba ungerudishwa, hilo dogo, lakini wanangu wangekosa bibi kwa sababu ya mdomo wa mama yao. Mchana kutwa hakurudi. Chai ilinishinda.

Alirudi jioni, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nikamwendea, nikainamisha kichwa anisalimie kwa kunigusa utosini kama desturi yao ilivyo, nikijua anaweza kunipita.

"Yeyo, mama yangu, nisamehe. Sikujua."

Mkono ulitua kichwani, ukakaa. Mama mkwe alizungumza Kiswahili chake cha mnadani, taratibu, bila kumsubiri wifi.

"Mimi hapana kasirika, mwanangu. Wewe umeita, mimi nikasikia kama mtu anamwita kweli, kule korongoni. Nikaenda kuangalia. Nimefika mpaka mtoni."

Akaketi pale pale tulipoketi asubuhi, akaninyooshea kidole nichukue kitabu.

"Soma. Lakini jina ruka. Mimi mzee sasa, miguu hii hapana weza kwenda kumtafuta mara ya pili."