Ndege wa Kumi wa Neema

Nilitoka kwa sababu kukaa kulinishinda. Jumamosi ile, baridi ya huku Johannesburg ikianza, nilikuwa nimefagia nyumba ya binti yangu hapa Yeoville mara tatu, na hata mara ya kwanza haikuwa chafu. Mjukuu wangu Neema alikuwa na kazi ya shule: aandike ndege kumi aliowaona kwa macho yake. Alikuwa na tisa, na karatasi inatakiwa Jumatatu. Nikavaa koti. "Twende."

Saa tatu asubuhi tuliteremka kwa miguu mpaka bustani yenye bwawa, bondeni. Majani makavu kila mahali, jua jeupe lisilopasha hata pua joto. Getini mlinzi, Mkongo mwenzetu, aliutazama mfuko wangu.

"Mama, hapa ndege wanaangaliwa tu. Hawaliwi."

"Ningetaka kuwala ningekuja na sufuria. Fungua."

Bwawani tulikaa kwenye benchi mbele ya matete. Neema Kiingereza chake, mimi Kiswahili changu, ndivyo tunavyoishi. Kumbe kuangalia ndege ni kukaa kimya! Nikafunga kilemba, nikakifungua, nikakifunga tena. Mara kundi la ndege wadogo likatua kwenye matete. Kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama, napiga makofi: "Hooo! Hooo! Tokeni!"

Wote wakaruka.

"Eish, Bibi!" Machozi yalimlengalenga.

Nijiteteeje? Utoto wangu uliishia kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi, kwetu Kongo, nafukuza ndege tangu alfajiri. Wenzangu shuleni, mimi napiga debe tupu kuwatisha ndege. Mikono hii haijaambiwa kwamba mpunga ule ulishavunwa.

Basi nikaikalia. Kweli, niliiweka chini ya mapaja. Nusu saa nzima, miguu inacheza yenyewe, baridi inapanda kutoka kwenye benchi. Afadhali kulima.

Wakarudi mmoja mmoja. Neema akachungulia, akanuna. Shomoro tu, akasema, amekwisha kuwaandika.

"Shomoro wapi! Hao ni wale wekundu, wezi wa mpunga."

Akaniuliza wekundu uko wapi.

"Wamevua. Dume akimaliza mambo ya kuoa anavua nguo nyekundu, anabaki wa kahawia kama mkewe. Mwizi ni yule yule. Mtazame huyo wa kushoto, shingoni."

Shingoni palikuwa pamebaki manyoya mekundu mawili matatu. Neema akafungua kitabu cha ndege alichopewa shuleni, akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Bibi, nani alikufundisha?" Kwa Kiswahili, sentensi nzima.

"Hao hao."

Saa saba tulipanda kilima kurudi nyumbani. Nilichojifunza: naweza kukaa nusu saa. Msiniombe tena.

Jioni Neema alinionyesha karatasi. Pana mahali pa kuandika kitabu kilichokusaidia kumjua kila ndege. Kwa wale tisa ameandika kile cha shule. Kwa wa kumi ameandika: Bibi.

Neno hilo nimelisoma mwenyewe, bila miwani.