Odella Ruckert na Kambi Iliyofungwa ya Hallet Cove

Odella Ruckert alishuka pwani ya Oregon mwezi wa Oktoba, akiendesha gari-nyumba la mwaka tisini na moja lenye ubavu uliobonyea, na kilichomleta hakikuwa bahari. Alimfuata dada yake Nadine, aliyepigwa na kiharusi na kupelekwa kwenye nyumba ya wazee pale Hallet Cove, mji mdogo wa wavuvi wa kaa ambao siku hizi umevamiwa na watalii. Upande wa kulia wa Nadine ulikuwa umepooza, na maneno yalimtoka moja moja. Odella alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, hana mtoto, na nyumba yake ya Idaho alikwisha kuiuza. Akajiambia atakaa karibu na dada yake mpaka apate nguvu, hata kama ni miaka.

Kumbe kupata pa kukaa ndiko kulikokuwa na kazi.

Kambi ya kwanza ilikuwa juu ya jabali, changarawe nyeupe, kila nafasi na bomba lake la maji na nguzo yake ya umeme. Binti wa mapokezi alimtazama Odella kwa huruma, kisha akachungulia dirishani.

“Samahani mama, hilo gari lako ni la mwaka gani?”

“Tisini na moja.”

“Sisi hatupokei gari lililozidi miaka kumi. Ni sheria ya mwenyewe.”

“Mwanangu, mimi ni wa mwaka hamsini na tano, na bado sivuji.”

Binti alicheka mpaka akaziba mdomo, lakini sheria ilibaki sheria. Kambi ya pili haikujali umri wa gari, ila ilitoza dola tisini kwa usiku, na kwa mwezi hawakuwa na bei kabisa. Ya tatu walimwandika kwenye orodha ya watu arobaini wanaongoja. Akaishia kwenye kambi ya serikali msituni, ambako kila mtu hukaa siku kumi na nne, kisha lazima aondoke siku tatu ndipo arudi. Kila alipoondoka, Nadine alidhani ameachwa, na wauguzi walimkuta analia.

Huko kambini ndiko nilikomjulia, kwenye mashine za kufulia. Mimi nilikuwa mwaka wa sita katika maisha haya ya magurudumu, nikajiona mjuzi. Nikamwambia asipige simu, kwa sababu kwenye simu jibu ni hapana siku zote. Aende kwa miguu, mwezi wa Novemba, watalii wakishaondoka, amtafute mwenye kambi na si wa mapokezi. Aulize bei ya mwezi kwa mdomo, maana haiandikwi kwenye kibao. Aangalie makanisa, viwanja vya maonyesho, na kambi zilizo bara kidogo, maili nane tu kutoka maji, ambako bei hushuka kama jiwe.

“Maili nane si mbaya,” alisema. “Ila breki zangu na ile barabara ya mlimani hazielewani. Kuna nini karibu na bandari, hapo chini ya nyumba ya wazee?”

“Karibu na bandari kuna kambi ya bandari yenyewe. Lakini imefungwa mwaka wa tatu huu. Mabomba yamekufa.”

Alikuwa anakunja shuka. Aliiweka chini.

“Yamekufaje?”

Nilisahau kusema kwamba Odella alikuwa fundi bomba. Miaka thelathini na mitatu alifanya kazi hiyo mjini Pocatello, huko Idaho, na kwa miaka kumi ya mwanzo kila aliyemfungulia mlango alichungulia nyuma yake akiuliza fundi yuko wapi.

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa Gus Ahola, meneja wa bandari, mtu mnene mwenye ndevu za kijivu na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Gus alimweleza kwamba kampuni moja ilikuja, ikachungulia, ikasema njia yote ya maji ichimbuliwe na kuwekwa upya. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko bajeti ya bandari ya miaka miwili. Baraza la bandari likafunga lango, likaweka mnyororo.

“Walichimba mashimo mangapi?” Odella aliuliza.

“Mashimo? Sikuona shimo, Mama Idaho. Niliona karatasi.”

“Basi nipe ufunguo na koleo.”

Alichimba siku nne katika mvua ile ya pwani isiyojua kukatika, amevaa buti za marehemu mumewe. Gus alimletea kahawa akisema amekuja kuona mwendawazimu anafananaje. Siku ya nne alimkuta amepiga magoti ndani ya mtaro, anacheka peke yake. Mizizi ya msonobari mmoja mkubwa ilikuwa imelibana bomba kuu na kulipasua, kipande cha mita kumi na moja hivi. Koki mbili zilikuwa zimeoza. Kwingine kote bomba lilikuwa zima.

“Umesema mita ngapi?” Gus aliuliza.

“Kumi na moja. Na huu mti hauna kosa, ulikuwa na kiu.”

Baraza lilikutana Jumanne alasiri kwenye ukumbi wa wazima moto. Wajumbe walikuwa watano, na mwenyekiti alikuwa Wendell Pruitt, mwenye duka la zawadi pale ufukweni, mtu nadhifu asiyependa mzaha. Raia yeyote huruhusiwa kusema kwa dakika tatu. Odella aliingia na kipande cha bomba lililopasuka, mizizi ikining'inia kama ndevu, akakibwaga mezani mbele ya Wendell. Tope likaruka mpaka kwenye karatasi zake.

“Waheshimiwa, huyu ndiye mgonjwa wenu,” alisema. “Nitamtibu kwa wiki tatu. Vifaa nunueni ninyi, mikono nitatoa mimi. Malipo yangu ni moja: kambi ikifunguliwa, muweke bei ya mwezi ambayo mtu wa pensheni anaiweza, na nafasi moja iwe yangu.”

Wendell alifuta tope kwa kitambaa. “Bibi, tukishaweka bei ya mwezi, tutajaza makopo mabovu hapa. Watalii watakimbia.”

“Makopo hayo yana watu ndani, bwana mwenyekiti. Yule mpishi wenu wa mkahawa wa chaza analala kwenye gari lake nyuma ya kanisa, umemuuliza kwa nini? Yule muuguzi anayemgeuza dada yangu kitandani anaendesha saa moja na nusu kuja kazini. Hawana pa kuishi, na ninyi mna nafasi ishirini na sita zimeota magugu.”

Nahodha mmoja mwanamke, mjumbe wa baraza, akasema, “Wendell, wiki tatu. Kambi imefungwa miaka mitatu, tutapoteza nini?”

Wakapiga kura, watatu kwa wawili. Lakini Wendell aliongeza sharti: maji yajazwe kwa shinikizo kamili mbele ya baraza zima kwa saa mbili. Geji ya kupimia shinikizo ikishuka hata kidogo, mpango umekufa na Odella aondoke.

“Weka saa nne kama unapenda,” Odella alimjibu.

Nilimsaidia kubeba mabomba, na ninakiri kwamba mgongo wangu ulijuta. Yeye alipima, akakata, akaunganisha, na alipoona kiungo kimoja kimekaa upande alikikata chote na kuanza upya, ingawa hakuna ambaye angejua. Bomba jipya alilizungusha mbali na msonobari. Siku ya ishirini alimaliza.

Siku ya kupima walikuja watu kama mia hivi, na miavuli. Mpishi wa chaza alileta sufuria la supu. Odella alifungua koki kuu, mshale wa geji ukapanda, ukasimama. Wendell alisimama mbele yake mikono nyuma, hakuketi. Nusu saa ilipita, kisha saa nzima, na mvua ikazidi. Odella alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinywa supu, macho kwenye geji.

Saa ya pili ilipotimia, Gus aliinama akasoma geji, akavaa miwani, akasoma tena.

“Haijasogea hata unywele!” alipaza sauti.

Watu walipiga kelele mpaka ndege wa baharini wakaruka kutoka gatini. Nahodha alimnyanyua Odella kutoka kwenye ndoo, supu ikamwagika, hakuna aliyejali. Wendell alingoja makelele yapungue, akamsogelea, akampa mkono.

“Nilikosea, Bibi Ruckert. Na ofisini kwangu choo kinatoa mlio wa ajabu.”

“Hicho nitakitoza bei ya watalii,” alisema, na kwa mara ya kwanza tuliona meno ya Wendell.

Kambi ilifunguliwa wiki ya kwanza ya Desemba. Nusu ya nafasi ni za mwezi kwa mwezi, kiangazi na masika, kwa bei ileile. Nusu ni za watalii, na fedha zao ndizo zinazolipia umeme wa taa za bandari. Magari yanakaguliwa kama ni salama, miaka yake haiulizwi. Muuguzi alipata nafasi ya tatu, mpishi ya tano, mimi ya tisa. Odella alichagua ya mwisho kabisa, karibu na njia ya lami inayopanda kwenye nyumba ya wazee, dakika sita kwa kiti cha magurudumu.

Jumapili ya kwanza alimshusha Nadine. Alimweka chini ya turubai la gari, blanketi miguuni, na Odella akamvunjia kaa mmoja mzima, akimchambulia nyama kidogo kidogo na kuichovya kwenye siagi. Nadine alikula mpaka kidevu kikang'aa. Akatazama mashua, akatazama gari, akamtazama mdogo wake, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayeinua mzigo.

“Una... kaa... hapa?”

“Nakaa hapa, dada. Hakuna wa kunihamisha.”

Nadine alinyoosha mkono wake mzima juu ya meza, akachukua kaa wa pili.