Vishikio vya Sufuria vya Nakhumicha

Nakhumicha, jirani yangu hapa Kaloleni, hatupi kitambaa. Angekuwapo siku Mungu alipoumba dunia, mabaki ya mawingu angeyashonea mto. Kila mara hupitia kwa Waliaula, fundi wa nguo kule Mamboleo, akarudi na gunia la vipande. Hajawahi kuuliza vimekatwa kwenye nguo ya nani. Katikati hutia blanketi kuukuu, akashona vishikio vya sufuria vinene ajabu. Ukiwa navyo unamtoa shetani jikoni kwake umemshika sikio, na huungui.

Basi wakaja wageni kutoka Bondo: Mama Sydney na shemeji zake wawili, kumwona Sheryl, binti pekee wa Nakhumicha, ambaye Sydney anataka kumwoa. Nakhumicha akashona seti mpya. Vishikio, kitambaa cha meza, hata kofia ya birika chai isipoe, vyote vya kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano.

"Nyanya," akaniambia, "leo watajua mtoto wangu ametoka nyumba yenye mikono. Na wewe uchunge mdomo. Mambo ya mamba aliyekupa lifti hatutaki."

Ugali ukaingia kama kilima cha Riat. Nyuma yake Nakhumicha na sufuria ya kuku. Mama Sydney, mwanamke wa adabu, akainuka kumpokea. Akaitua mezani, lakini kishikio hakukiachilia. Akakigeuza huku na huku.

"Hiki mmetoa wapi?"

"Ni mabaki tu ya fundi, mama," Nakhumicha akajibu kwa tabasamu, akidhani anasifiwa.

"Hii ni sare ya matanga ya mwanangu Opondo. Ilishonwa Mamboleo, tukavaa tukimzika Aprili."

Shemeji mmoja akanyakua kikombe chake kutoka mezani. "Mnatulisha juu ya nguo ya msiba? Leo, siku ya kumwona bibi arusi?"

Sheryl akashika mdomo. Aprili alikuwa hajamjua hata Sydney, sembuse sare ya msiba wao.

Nikaona niokoe jahazi. "Mama, kitenge hicho kilitoka Uganda, meli nzima! Kila mwanamke wa ziwa hili..."

"Dani," akanikata kwa Kijaluo, kwa heshima yote anayopewa bibi, "ndege hawa niliwachagua mwenyewe. Opondo alipenda ndege."

Mimi, niliyemdanganya kiboko mpaka akanipisha njia, nikainama kuokota kijiko kisichoanguka.

Mama Sydney akaomba vyote. Tukamwinulia sahani moja moja, akavuta kitambaa cha meza, akakikunja pamoja na vishikio na ile kofia, akatia mkobani. "Tutawapigia," akasema. Wakaondoka bila kuonja.

Nakhumicha akashika sufuria airudishe jikoni, akaiachia upesi. Bado ilikuwa moto.

"Nyanya," akaniambia, vidole mdomoni, "niambie watapiga. Hata kama ni uongo."

Nikafungua mdomo. Sheryl alikuwa ananitazama, simu mkononi. Nikaufunga.