Mtani Ndani ya Suti ya Baba

Jumamosi alasiri, hapa Kilosa, wapo watu wazima wenye akili zao timamu wanaovaa kofia za manyoya na glavu nyeupe, na kuingia kwenye ghala moja la zamani karibu na reli kucheza rumba ya taratibu. Mimi ni mmoja wao. Tena ndimi ninayewashonea magauni, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba nilipotea njia.

Tunacheza dansi la ujana wa wazazi wetu: rumba, chacha, tango, na wolzi, ule mchezo wa kuzunguka ambao mpaka leo unanitia kizunguzungu. Sharti letu ni moja tu, huingii na nguo za siku hizi. Mwanamke anakuja na gauni lililombana kiuno na kumwaga marinda chini ya goti, na mwanamume anakuja na suti, tai na viatu vinavyong'aa. Wanaocheka wacheke. Mimi nimeona nguo zinavyofanya kazi. Kuna muuguzi mstaafu ambaye nyumbani kwake hatembei bila kulalamikia magoti, lakini akishavaa gauni lake la bluu anaingia mlangoni kama anaelea. Jua la saa kumi hupenya kwenye matundu ya mabati, vumbi linapanda polepole kutoka sakafuni, na kwa kitambo sijui tuko mwaka gani. Treni ikipita sakafu inatetemeka, nasi tunaendelea kuzunguka. Napenda sana kule kutojua.

Mama yangu hakukosa hata mara moja, ila hakucheza. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa gauni la kijani nililomshonea, na upepeo wa ukindu mkononi, akitukosoa. "Wewe, unamkokota mwenzio kama gunia la mpunga," alimwambia mtu mzima mwenye wajukuu. Ukimwomba ainuke atuonyeshe, alisema miguu yake imestaafu.

Yeye na baba walikutana kwenye dansi, na walicheza mpaka uzeeni, hata sebuleni kwetu redio ikipiga kitu kizuri. Baba alipofariki, mama hakulia. Watu wakamsifu kwa ujasiri. Mimi sikumsifu, maana nilikuwa naishi naye. Wakati wa kula alitenga sahani ya baba. Alisema, "Baba yako hapendi chumvi nyingi," kama vile mtu huyo yuko uani ananawa mikono. Usiku hakutaka mlango utiwe komeo. Nilikasirika mwanzoni, halafu nikaogopa. Niliogopa kwamba mama atazeeka mpaka mwisho wake akimsubiri mtu asiyekuja.

Nadhani mambo yaliharibika msibani. Kwetu mtani wa marehemu ana kazi yake. Huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake mbele ya wafiwa, mpaka watu wacheke katikati ya kilio, na katika kucheka huko waelewe kwamba mwenye nguo amekwenda kweli. Mtani wa baba, mzee mmoja mkulima wa mpunga kule Tindiga, alikuja kwenye matanga akadai suti ya kijivu, ile ya dansi. Mama akaifungia kwenye sanduku la bati, kisha akaketi juu ya sanduku.

"Hii ina mwenyewe," alisema.

Mzee akaondoka bila kumwiga mtu. Wazee wenzake walitikisa vichwa.

Mwaka jana mzee huyo huyo akaja kutaka kujiunga nasi kwenye dansi, na shati lake la mikono mifupi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamzuia mlangoni. Sharti ni sharti.

"Suti yangu iko kwenu, binti," alisema.

Nikamwambia aende akaiombe mwenyewe, mimi simo. Kesho yake asubuhi akapiga hodi nyumbani.

"Nani huyo?" mama aliuliza, na alikwishamwona. "Siku hizi wezi nao wanapiga hodi?"

"Mimi mwizi mwenye adabu, shemeji. Nimefuata changu."

"Chako kipi? Hata hilo tumbo si lako, ni la wali wangu."

"Basi naomba na suti ya kulivalisha."

Walikunywa chai wakitaniana mpaka jua likawa kali. Nilikuwa na siku nyingi sijamwona mama akichangamka vile. Lakini sanduku halikufunguliwa, na mzee akarudi Tindiga mikono mitupu.

Kisha mwanamke mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikumi akatualika tukacheze ukumbini kwake Jumapili mchana. Wanaume walikuwa wachache kama kawaida. Asubuhi ya safari, tukiwa tunapanda Coaster tuliyokodi, mama akatokea na furushi ndani ya kanga. Lilinukia majani ya mwarobaini ya lile sanduku la bati. Akampa mzee, aliyekuja kutusindikiza tu.

"Vaa. Lakini usimwige. Cheza kama wewe."

"Nimesikia, shemeji."

Aliitikia upesi mno. Mtani akikubali jambo upesi namna ile, kaa chonjo.

Tulifika Mikumi na kofia zetu na marinda yetu, tukashuka barabarani penye malori. Dereva mmoja akauliza bibi harusi yuko wapi. "Umechelewa, baba, nimeshaolewa," muuguzi wetu akamjibu, akapita na gauni lake la bluu. Ukumbi ulikuwa na madirisha mapana na mapazia mepesi. Kila lori lilipopita mapazia yalivutwa nje kidogo, yakarudi, na mwanga ukatembea juu ya wachezaji. Nilisimama karibu na spika nikahisi nawaota.

Suti ilimbana mzee tumboni, na mikono ya koti iliishia mbali na viganja. Nyimbo za kwanza alicheza kwa adabu zote, kama mwanafunzi mgeni. Nikaweka rumba ya taratibu. Hapo nikamwona anavuka ukumbi, bega la kushoto limepanda, kidevu juu, anavuta pindo za mikono ya shati. Ulikuwa mwendo wa baba.

Baba hakuwahi kumwendea mama moja kwa moja. Alimpita kwanza, kama mtu anayetoka nje. Akifika mlangoni alisimama, akapapasa mfuko kana kwamba amesahau kitu, akageuka, na hapo ndipo akamkuta mama, kwa bahati. Alifanya hivyo siku waliyokutana, na akafanya hivyo miaka yote, hata pale sebuleni, tukiwa tunamcheka.

Mzee akampita mama, aliyekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Akafika mlangoni. Akapapasa mfuko, akageuka.

Mama alisimama. Nilidhani atampiga kofi.

"Nilikukataza," alisema.

"Ulinikataza," mzee akajibu, kwa sauti ya baba, nzito na ya kukwaruza, akanyoosha mkono.

Wakacheza. Wengine wakawapisha mmoja mmoja bila kuambiwa. Miguu ya mama haikuwa imestaafu hata kidogo. Lile gauni la kijani, ambalo nilizoea kuliona limekaa, lilifunguka na kuzunguka, nikaona kwamba nililishona vizuri.

Wimbo ulipokwisha mzee akaanza kuvua koti ili alirudishe. Mama akalishika kifuani kwa mikono miwili. Alitazama tumbo lililobanwa, akatazama mikono mifupi, akamtazama mzee usoni, mtu ambaye hakufanana na baba hata kidogo.

"Usivue," alisema. "Ni yako. Mwenyewe amekufa."

Nilikuwa sijamsikia akilitamka neno hilo. Akalirudia kwa sauti, kisha akalia, kilio cha msibani, pale pale katikati ya ukumbi. Nikazima spika. Mzee hakumbembeleza, maana hiyo si kazi ya mtani.

"Lia, shemeji," alisema, "ila usinilowanishie suti yangu."

Mama akacheka huku analia, nami nikavua glavu, nikamshika, nikamlilia baba yangu.