Sweta Anayolalia Mbwa

Kila asubuhi fundi saa mstaafu humlaza mbwa wake barazani, akamtoa viroboto kwa kibanio kilekile cha kazi na kuwatosa mmoja mmoja kwenye beseni la maji ya sabuni. Mikono imemjaa vipele, ila hajikuni mbele za watu. Akizidiwa huingia ndani. Mapazia ameyachemsha, magodoro ameyaanika, na viroboto ndio kwanza wanazaliana. Jana binti yake aliinua sweta kuukuu anayolalia mbwa, wakamrukia. "Baba jamani, si ndiyo hii! Mbona hukuifua?" Mzee aliipokea taratibu, akainusa shingoni. "Harufu ya mama yako imebaki humu tu." Akaitandika tena palepale, akamwita mbwa, kisha akaingia ndani. Safari hii alikawia kutoka.