Kaburi Lisilo la Mama Yake

Jua la tarehe mbili Novemba halijachomoza vizuri, na Respicius Kamugisha tayari amepiga magoti kando ya barabara mjini Likasi, Katanga, nchini Kongo, akipambana na tairi la lori lililotoka Kakanda na shehena ya madini. Anabandika kiraka, anajaza upepo, anamwagia maji aone kama linavuja. Halivuji. Anaanza kukusanya mitaimbo yake kabla hata dereva hajamaliza kahawa.

"Baba Tanzanie, leo unakimbia wapi?" anauliza dereva, Ruphin, mteja wake wa siku nyingi.

"Makaburini."

"Weye uko na mufu gani huku?"

Respicius anacheka kidogo, kicheko cha kukwepa swali. Jibu analo, ila ni refu, na lori lina haraka.

Leo ni siku ya kuwakumbuka marehemu wote. Wakatoliki wa Likasi wanamiminika makaburini na majembe, mafagio na maua. Baada ya misa, padri hupita kaburi kwa kaburi na maji ya baraka. Kila familia husimama penye mtu wake, na padri akifika, hutaja jina. Asiye na kaburi hubaki njiani pamoja na wauza mishumaa.

Respicius alizaliwa katika kijiji cha karibu na Bukoba, Tanzania, ambako wafu hawapelekwi mbali. Hulazwa humo humo kwenye migomba, mbele ya mlango, na anayefagia ua hufagia na kaburi. Alifika Likasi akiwa utingo. Lori likafa njiani, tajiri akazima simu, na kijana akabaki na ujuzi wa matairi tu. Sasa mvi zimeanza kumtoka.

Mama yake, Anakleta, alifariki miaka mitano iliyopita. Simu ilimfikia jioni. Kesho yake wakazika.

"Nilikuwa nimeshika tairi la mtu," anasema. "Nikalimaliza. Ningefanya nini? Nauli ya kwenda na kurudi inakula kazi ya miezi mitatu."

Novemba ya mwaka ule alikwenda makaburini akasimama njiani. Anasema hajawahi kuwa mpweke kama siku ile, kwa sababu mji mzima ulikuwa na pa kusimama isipokuwa yeye. Katika kutangatanga akaliona kaburi moja karibu na ukuta, limemezwa na nyasi, msalaba umelala, maandishi yamefutika limebaki neno "Mama". Neno hilo lilimtosha. Akafyeka, akausimamisha msalaba. Tangu hapo, kila padri akifika, Respicius husema "Anakleta", na maji hunyunyizwa.

Safari hii anakuta mtu. Mwanamke wa makamo ameinama pale, anapapasa ukingo wa matofali.

"Njo weye unachungaka hapa?" anauliza, akitaka kujua kama ndiye anayelitunza. "Nani alikutuma ku kaburi ya mama yetu?"

Sauti yake si ya shukrani. Mgeni kugusa kaburi la watu si jambo la mzaha. Watu hufikiria uchawi kabla ya kufikiria wema. Walio kwenye makaburi ya jirani wameshaacha kufagia, wametega masikio.

Respicius anaeleza yote, hadi lile jina analolitaja. Mwanamke huyo, Christiane Ngalula, anamsikiliza bila kumkatiza. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, na familia ilikuwa miongoni mwa Wakasai waliofukuzwa Katanga mwanzoni mwa miaka ya tisini.

"Mama alikufa, kisha balitufukuza," anasema. "Tulipanda train tukiwa batoto. Kila Toussaint, siku kama hii, kule Mwene-Ditu ya Kasai, baba aliwasha mushumaa mu nyumba, sababu hatukuwa na fasi ya kusimama. Alituambia: iko ku ukuta, na matofali pembeni. Sasa naye amekufa. Minye nimekuja kuitafuta."

Kisha anauliza, "Na hii miaka yote, mama yangu anasikia jina ya mwingine?"

Swali linamchoma Respicius. Anavua kofia, anaomba radhi, anarudi njiani. Hakuna anayemzuia.

Padri anafika. "Mbombo Suzanne," anasema Christiane, na maji yananyunyizwa. Kule njiani, Respicius anataja jina la mama yake kimoyomoyo. Padri ameshapita.

Watu wakianza kutawanyika, Christiane anamfuata. Hamkumbatii, wala halii.

"Minye narudi Kasai juma ijayo," anasema. "Kaburi, uendelee kuichunga. Lakini jina, useme ya mama yangu."

"Nitasema."

Alasiri Respicius yuko tena kando ya barabara. Anakiri kwamba imemuuma. Alikotua huzuni yake kwa miaka mitano si kwake tena. Anafungua nati, anasita, mtaimbo mkononi.

"Yule dada amelikosa kaburi la mama yake tangu utoto," anasema. "Mimi la kwangu najua lilipo."

Mwakani, anasema, Oktoba haitamkuta Likasi. Kaburi la Suzanne atalifyeka mapema, na amepanga kumwomba Ruphin asimame pale siku yenyewe, alitaje jina. Kisha atapanda lori la kwenda Tanzania, na nauli itakayopungua ataifidia njiani kwa kuziba pancha.

"La mama wa watu nimelifyeka kila mwaka," anasema. "La mama yangu sijang'oa hata jani moja."