Kifo Hakitangazwi Hewani

Bilali amekaa mbele ya phonie kwa miaka ishirini na miwili. Chombo chake ni redio yenye kipaza sauti, betri ya gari na waya mrefu uliofungwa nje kati ya michikichi miwili, kando ya chumba chake cha udongo mtaani Mangobo. Mjini Kisangani wengi wana simu mfukoni. Vijiji vingi vya mtoni havina mtandao, ingawa minara huahidiwa kila uchaguzi. Anayetaka kuongea na ndugu yake huko huja kwa Bilali asubuhi, hutaja kituo cha kijiji, kisha hungoja mtu aitwe.

Mawimbi ya phonie hayana siri. Asemalo mmoja husikika katika vituo vyote. Ndiyo maana waendeshaji wana desturi ya kutotangaza kifo hewani. Husema tu, "Iko mugonjwa sana, akuye," yaani ndugu aje, na mfiwa huambiwa ukweli akishafika. Bilali aliifuata desturi hiyo akiiona ni huruma. Ilikuwa uongo, na uongo wa huruma nao huharibu maneno.

Mwezi wa nne mwaka jana alikuja Djamila, muuza vitenge wa mtaani. Mama yake, Sikujua, alikuwa hoi kitandani na alimtaka mwanawe Juma, seremala aliyekuwa akiezeka shule katika kijiji kimoja juu ya Basoko. Mashua ya abiria ingepita kijijini hapo mchana. Nyingine ingepita baada ya wiki, na mama asingefika wiki.

Bilali akaita kituo. Juma akaletwa.

"Juma, mama iko mugonjwa sana. Panda bateau ya leo. À vous."

Akaachia kitufe ili Juma ajibu. Kisha Juma akasema, "Nimesikia, papa Bilali. Mungu amurehemu. Mumuzike tu, musiningojee."

Alikuwa ameelewa kama kila mtu wa mtoni anavyoelewa. Waislamu huzika siku hiyohiyo. Mashua ingemfikisha kwenye kaburi tu.

"Kumuzika nani? Mama iko muzima!"

"Papa, usinibembeleze sawa mutoto. Mujomba pia ulisema iko mugonjwa sana. Nilifanya siku tatu mu bateau ku mayi, nikakuta mumesha muzika."

Mwendeshaji wa kituo kingine akaingilia: "Bilali, bagonjwa yako yote inakuaka maiti! Bon, leo unataka tukuamini?" Mtu akacheka. Mwingine akampa Juma pole.

Djamila akanyakua kipaza sauti amwite kaka yake. "Yaya, ninaapa, mama iko anapumua!"

"Na mbona unalia, Djamila?"

Djamila akamrudishia Bilali kipaza sauti. Bilali aliona kwamba hapakuwa na neno lake hata moja ambalo lingeaminika. Akamwambia Djamila apige simu nyumbani. Jirani yao Adèle, aliyebaki na mgonjwa, akaisogeza simu kinywani mwa mama, na Bilali akakibana kipaza sauti kwenye simu ya Djamila.

Sauti nyembamba ikasikika mto mzima.

"Juma. Unanizika, na mulango ya jikoni ulisema utatengeneza mbele ya Ramazani? Seremala gani wewe?"



"Mama," Juma akasema. "Ninakuya."

Alifika siku ya tatu, jioni. Mama yake alimtambua, akamkaripia kidogo, akaishi siku nne zaidi.

Tangu hapo Bilali hutangaza kifo kuwa kifo. Kwanza humwomba mwendeshaji wa kijijini amketishe mfiwa na kumwita mtu wa kukaa naye, kisha husema. Familia kadhaa zimemwita mkatili na kuhamia phonie nyingine huko Lubunga, ambako desturi inaendelea. Yeye habishani nazo. Lakini anaposema mgonjwa yu hai, watu wa mtoni hukusanya nguo zao na kushuka bandarini.